Namna ya Kuandika Historia ya Studio ya Picha ya Familia katika Miji ya Nyanda za Juu Kusini

Karibu kila mji mdogo wa Nyanda za Juu Kusini, kuanzia Mafinga na Makambako hadi Tukuyu, Vwawa na Tunduma, umewahi kuwa na studio ya picha iliyoendeshwa na familia: baba akiwa nyuma ya kamera, mama akipokea wateja na kuandika daftari, na watoto wakikata picha za pasipoti baada ya kutoka shule. Nyingi kati ya studio hizo zimefungwa, au zimegeuka vibanda vya kutoa fotokopi na kuuza vocha, na negativu zake, yaani filamu zilizokwisha kupigwa na kusafishwa, zimo ndani ya makasha ya viatu darini zikisubiri panya. Mwongozo huu ni wa mtoto, mjukuu au jirani anayetaka kuiandika historia ya studio ya namna hiyo wakati waliofanya kazi ndani yake bado wapo. Nimeuandika kutokana na kazi niliyoifanya kwa studio ya marehemu babu yangu mzaa mama, Makambako, kazi iliyochukua muda mrefu kuliko ilivyostahili kwa sababu niliianza vibaya.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuuliza tarehe. Niliuliza studio ilifunguliwa mwaka gani, familia nzima ikanijibu kwa sauti moja kwamba ilifunguliwa mwaka wa Uhuru, nami nikaandika 1961 na kuijenga sura ya kwanza yote juu ya mwaka huo. Miezi kadhaa baadaye, tulipokuwa tunachambua maharage, nilimuuliza bibi jambo jingine kabisa, yaani maji ya kusafishia picha yalikuwa yakitoka wapi, akanijibu kwamba mwanzoni waliyachota kwenye kambi ya wajenzi wa reli. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kwa hiyo chumba hicho hakingeweza kuwa na umri wa Uhuru. Nilipomwomba afafanue, alieleza kama mtu anayesema jambo ambalo kila mmoja analijua: mwaka wa Uhuru babu alinunua kamera na kuitembeza vijijini kwa baiskeli, chumba alikipanga reli ilipokuwa inajengwa, na kibao cha jina kilipakwa rangi baadaye sana, mama yangu mdogo alipokuwa ameanza shule. Familia haikunidanganya. Studio huwa na miaka kadhaa ya kuanza, na mwandishi anapaswa kuitafuta yote na kuutaja kila mmoja kwa jina lake: mwaka wa kamera, mwaka wa chumba, mwaka wa leseni, mwaka wa kibao.

Uliza kazi kabla ya kuuliza miaka

Kwa hiyo, unapoketi na mzee aliyefanya kazi studio, mwombe kwanza akusimulie siku moja ya kazi tangu kufungua mlango hadi kuufunga. Nani alifagia? Nani alichanganya dawa, na aliipima kwa chombo gani? Filamu zilisafishwa kila jioni, au zilingojewa mpaka mkanda ujae? Picha zilianikwa wapi wakati wa mvua? Mteja alilipa kianzio kiasi gani, na asiporudi kuchukua picha zake zilikwenda wapi? Maswali ya aina hii hayamtishi mtu, kwa kuwa hayamtaki athibitishe chochote, na mara nyingi tarehe hujitokeza yenyewe katikati ya maelezo, kama ilivyojitokeza kwenye habari ya maji.

Nitatoa mfano mmoja kwa kirefu kwa sababu unahusu hali ya hewa ya kwetu. Devulopa ya picha nyeusi na nyeupe, yaani dawa inayoitoa picha ionekane, imetengenezwa ili ifanye kazi vizuri kwenye joto la karibu nyuzi 20 za Selsiasi. Mwezi Juni na Julai, maji ya asubuhi ya Makambako, Njombe au Mbeya yako chini sana ya hapo, na haidrokwinoni, ambayo ni mojawapo ya dawa zilizomo katika devulopa nyingi, karibu inaacha kufanya kazi kabisa maji yakishuka chini ya nyuzi 12 hivi. Mpiga picha wa Dar es Salaam alihangaika kuipoza dawa yake. Wa kwetu alihangaika kuipasha. Bibi alinieleza kwamba trei ya devulopa iliwekwa ndani ya karai la maji ya moto, jiko la mkaa likiwa nje ya mlango ili mwanga wake usiingie dakirumu, yaani chumba cha giza cha kusafishia picha, na kwamba joto lilipimwa kwa kiwiko cha mkono, kama anavyopimiwa maji mtoto mchanga. Baada ya kusikia hayo nilirudi kwenye makasha na kuelewa kitu kilichokuwa kimenitatiza: negativu nyingi za katikati ya mwaka, hasa za miaka ya mwanzo, ni nyepesi na hazina weusi wa kutosha, wakati za Oktoba na Novemba zimekolea. Nilikuwa nimeandika kwamba babu alikuwa bado hajaimudu kamera. Ilinibidi nilifute hilo.

Uliza pia habari za kuingia kwa rangi, kwa maana hapo ndipo maisha ya studio nyingi yalipogeuka. Njia ya C-41 ya kusafisha filamu za rangi, iliyoletwa na Kodak mwaka 1972, inahitaji dawa iwe kwenye nyuzi 37.8 bila kuyumba, jambo ambalo karai na jiko la mkaa haviwezi kulitimiza. Kwa sababu hiyo studio ya mji mdogo ilibaki kupiga tu, filamu ikafungwa kwenye bahasha na kukabidhiwa kondakta wa basi kwenda kusafishwa mji mkubwa. Uliza bahasha zilikwenda wapi, zilirudi baada ya siku ngapi, na hasara ililipwa na nani zilipopotea. Kwetu bahasha moja yenye picha za harusi haikurudi, na mpaka leo kuna nyumba mbili mtaani ambazo hazisalimiani kwa uchangamfu.

Wapo watu ambao husahauliwa katika mahojiano ya namna hii. Wa kwanza ni wanawake wa nyumbani, ambao majina yao hayapo kwenye muhuri ingawa walikata picha, walitunza hesabu na walipaka rangi mashavu ya maharusi kwa pamba. Wa pili ni vijana waliokuja kujifunza kazi kisha wakaenda kufungua studio zao miji mingine. Hao hukumbuka mambo ya ndani ambayo watoto wa mwenye studio hawakuwahi kuyaona, likiwemo suala la mishahara. Wa tatu ni wateja wenyewe.

Adabu ya mahojiano ni ile ile ya kumtembelea mkubwa. Shikamoo hutangulia, na ukiwa Iringa au Njombe "kamwene" inafungua mlango, kama vile "ugonile" inavyoufungua Rungwe. Usiwashe kinasa sauti cha simu kabla ya kuomba ruhusa, na usiende na orodha ya maswali mkononi kama karani wa sensa. Nenda na picha tano au sita, uziweke mezani, unyamaze. Mzee akiishika picha moja na kuitazama muda mrefu, hiyo ndiyo ya kuulizia.

Tarehe zitafutwe kwenye vitu

Ukishakuwa na masimulizi ya kutosha, geukia vitu. Muhuri wa nyuma ya picha ndio wa kuanzia. Jina Tanganyika kwenye anwani linarudisha muhuri kabla ya mwisho wa mwaka 1964, na "Southern Highlands Province" ni jina la jimbo la enzi ya Waingereza. Mkoa wa Njombe ulitengwa kutoka Iringa mwaka 2012, na Mkoa wa Songwe ukatoka Mbeya mwaka 2016. Hivyo picha ya Makambako yenye muhuri wa "Mkoa wa Njombe" haiwezi kuwa ya kabla ya 2012. Lakini usiligeuze hilo upande wa pili. Muhuri wa mpira hautupwi kwa sababu serikali imebadilisha mipaka, na nimeona picha za mwaka 2014 zilizogongwa "Iringa" kwa kuwa wino ulikuwa bado unashika. Kitu kipya kinakuambia "si kabla ya hapo"; kitu cha zamani hakikuambii "si baada ya hapo."

Shahidi ninayemwamini zaidi ni ukingo wa filamu. Chukua negativu, iinue kwenye mwanga wa dirisha, na usome maandishi madogo yaliyo pembeni mwa picha. Filamu ya Ilford FP4 ilianza kuuzwa mwaka 1968, HP5 mwaka 1976, na HP5 Plus mwaka 1989. Jina ORWO, la filamu za kiwanda cha Wolfen cha Ujerumani Mashariki, lilianza kutumika mwaka 1964. Mkanda wenye neno HP5 hauwezi kuwa wa sherehe za Uhuru, hata kama shangazi ataapa.

Mkanda wenyewe una faida nyingine. Filamu ya 120 hutoa picha 12 za mraba wa sentimita 6, ya milimita 35 hutoa 36, na kwa kuwa studio ndogo haikutaka kupoteza hata picha moja, mkanda ulikaa ndani ya kamera mpaka uishe. Kwa hiyo mtoto wa ubatizo, askari aliyerudi likizo na bibi mwenye kuku mapajani wanaweza kuwa majirani kwenye mkanda mmoja, wamepigwa ndani ya wiki moja. Ukipata kwenye mkanda huo picha moja yenye tarehe, kwa mfano wanafunzi wa darasa la saba walioshika kibao kilichoandikwa mwaka kwa chaki, umepata tarehe ya wote. Kwa sababu hiyo mkanda usikatwe, na negativu zisipangwe upya kwa familia au kwa uzuri wa picha kabla mpangilio wa awali haujaandikwa.

Nguo husaidia kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ni kweli kwamba suruali za bugaluu na viatu vya raizoni vinatupeleka miaka ya 1970, na beji ya TANU kifuani inaashiria wakati wa kabla ya CCM kuzaliwa tarehe 5 Februari 1977. Hata hivyo mtindo ulifika kwetu umechelewa, na koti lile lile jeusi unaloliona kwenye picha za wanaume arobaini ni koti la studio lililokuwa likining'inia nyuma ya mlango, pamoja na tai yake. Heri kufuatilia pazia, kapeti, maua ya plastiki na redio ya mezani, kwa sababu hivyo vilikuwa vya studio na vilibadilishwa kwa nadra. Mimi nilipanga picha kwa kufuatilia ufa uliokuwa ukikua kwenye ukuta uliochorwa ziwa na mtumbwi.

Kama studio ilikuwa mjini Iringa au Mbeya, hasa kwenye mitaa ya Uhindini, tafuta risiti za kodi ya pango. Majengo mengi ya kupangisha yalitaifishwa kwa sheria ya mwaka 1971 na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba la Taifa mwaka 1990. Risiti hizo zina tarehe, zina namba ya kiwanja, na wakati mwingine zinaonyesha kwamba mpiga picha Mwafrika alirithi chumba, meza na hata enlaja (mashine ya kukuzia picha) ya mpiga picha wa Kiasia aliyeondoka. Ikiwa ndivyo, sura ya kwanza ya historia yako si ya babu yako, nawe uwe tayari kuiandika hivyo.

Daftari la wateja lisomwe polepole, mwezi kwa mwezi. Usitafute watu mashuhuri. Tafuta miezi ambayo mistari inajaa na ile inayokauka, kisha uilinganishe na mavuno ya mahindi, viazi, chai au pareto ya eneo lako. Angalia neno lililoandikwa mbele ya jina: kitambulisho, ubatizo, harusi, msiba, "ya kutuma". Hizo "za kutuma" zilikuwa nyingi kwetu, picha za wake na watoto zilizosafiri kwa treni kwenda kwa wanaume waliokuwa kazini mbali.

Kuzishika negativu na kuzipiga nakala

Hapa nitakuwa mfupi, isipokuwa kwa mambo yanayoharibu. Shika negativu kwa kingo zake, andika kwenye bahasha ya karatasi kwa penseli, na ondoa raba zote za kufungia pesa. Ukifungua kasha ukapata harufu ya siki, filamu ya asetati, aina ya plastiki, imeanza kuoza. Zitenge na nyingine, ziweke penye ubaridi na ukavu, na zipigwe nakala kwanza. Negativu za zamani sana, za kabla ya miaka ya 1950, zinaweza kuwa za nitrati, ambazo hushika moto kwa kasi ya kutisha, kwa hiyo asikudanganye mtu kuzijaribu kwa kiberiti. Sahani za vioo zisimamishwe wima, zisilazwe moja juu ya nyingine.

Ukungu ndio adui mkubwa wa kwetu, hasa Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000. Usioshe negativu yenye ukungu kwa maji. Mimi niliosha, kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikijiona mjuzi. Ukungu ulikuwa umeshaila jelatini, yaani utando unaobeba picha, na kuifanya iyeyuke, na picha nzima ya bibi harusi ikateleza kutoka kwenye filamu kama utando wa maziwa na kuishia kwenye beseni. Tumia brashi laini iliyo kavu, na kama ukungu haubanduki, uache.

Kama kuna skana inayopokea filamu, vitone 2,400 kwa inchi vinatosha negativu za sentimita 6, kwani vinakupa picha yenye vitone zaidi ya 5,000 kila upande. Za milimita 35 zinahitaji zaidi. Asiye na skana anaweza kuweka negativu juu ya kioo cheupe kinachopitisha mwanga bila kuonyesha vilivyo upande wa pili, kumulika kwa chini, na kuipiga kwa kamera iliyo juu ya stendi. Jina la kila faili lifuate namba ya bahasha ya studio, si jina utakalolibuni wewe. Weka nakala tatu, moja ikiwa mji mwingine.

Watu waliomo ndani ya picha

Studio ilitunza siri za mji. Ndani ya makasha utakutana na wachumba ambao hawakuoana, maiti zilizopigwa picha ya mwisho ili ndugu wa mbali waione, na vijana waliopiga picha wakiwa na chupa ya bia mkononi ambao leo ni wazee wa kanisa. Umiliki wa negativu haukupi haki ya kuzianika. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 zinahusika na kazi hii, na inafaa umwone mwanasheria kabla ya kuchapisha kitabu cha kuuza. Lakini mtaani kipimo huwa kikali kuliko cha sheria. Mimi sikuchapisha sura ya mtu aliye hai bila kumpelekea picha yake mkononi, ikiwa imeprintiwa, na kumwachia nakala hata alipokataa. Waliokataa walikuwa wachache, na wawili kati yao walibadili mawazo baada ya kuitazama kwa wiki moja.

Kuandika

Usianze na kuzaliwa kwa mwasisi. Anza na chumba: vipimo vyake, dirisha lilikotazama, benchi la kusubiria, kioo na kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisiibwe. Kisha gawanya sura kwa mabadiliko ya kazi, yaani kamera ya kutembea, dakirumu, rangi, kamera za kidijitali, kwa kuwa mgawanyo huo unabeba na habari za familia bila kulazimisha. Masimulizi mawili yakipingana, yaandike yote mawili na umtaje anayesema kila moja kwa cheo chake katika familia.

Sura ya kufungwa kwa studio iandikwe kwa hesabu, bila kulia. Vitambulisho vya taifa na daftari la wapiga kura la mwaka 2015, lililoandikishwa kwa mashine za BVR zinazochukua picha na alama za vidole, vilikuja na kamera zao wenyewe, na sehemu kubwa ya riziki ya picha ndogo ikahama. Simu ikamalizia iliyobaki. Daftari la babu linaonyesha mistari ikipungua ukurasa kwa ukurasa, na ukurasa wa mwisho una mteja mmoja, aliyelipa kianzio.

Kabla ya kupeleka kazi kwa mchapaji, isome yote kwa sauti mbele ya waliokusimulia. Acha kurasa nne au tano tupu mwishoni mwa kila nakala kwa ajili ya masahihisho ya wasomaji, na ufikirie kupeleka nakala moja Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Mimi nilimsomea bibi kwa jioni tatu. Hakusahihisha mwaka hata mmoja. Alinisimamisha mara moja tu, niliposoma kwamba babu alipiga picha fulani ya wanafunzi mbele ya kanisa, akasema siku hiyo babu alikuwa na homa, na aliyeipiga ni yeye.